Maji ya Ngama: Namna Udhaifu Unaokiriwa Unavyogeuka Nguvu ya Moyo

Kila chombo cha mbao huingiza maji. Jahazi lililotoka juzi mikononi mwa mafundi wa Matondoni huingiza, mashua ya kuvukia Manda huingiza, na nahodha wa Lamu aliyelelewa na bahari haoni aibu kwa hilo. Kabla ya kutweka tanga hufunua mbao za chini, hutazama ngama, yaani tumbo la chini la chombo, na maji yakiwapo huyafua. Chombo huzama kwa nahodha asiyetazama, au aliyetazama akanyamaza kwa kuwaonea haya abiria wake.

Udhaifu wa mja, na nguvu apatayo akiukubali, ni jambo linalotajwa sana mimbarini na kufahamika kidogo. Wako wanaolisikia wakadhani dini inawataka wajidharau. Wako wanaolifanya kisingizio: "Mwanadamu ni dhaifu, bwana," kisha warudi palepale walipotoka. Na wako waliochoka kabisa, wanaofunga na kuswali huku ndani wamejaa hofu kwamba siku moja watu watajua hawako vile wanavyoonekana. Hawa wa mwisho ndio wanaotia huruma zaidi, na kwa ajili yao hasa inafaa jambo hili lifumuliwe uzi mmoja mmoja.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. "Udhaifu" limebebeshwa mizigo minne, na kila mmoja una hukumu yake.

Mzigo wa kwanza ni umbile. Sura An-Nisaa, aya ya 28, inasema mwanadamu ameumbwa dhaifu, na Sura Ar-Rum, aya ya 54, inapanga safari yake yote: udhaifu wa utotoni, kisha nguvu, kisha udhaifu tena na mvi. Njaa, usingizi, kusahau, kuogopa mawimbi usiku, kulia msibani, yote hayo ni umbile. Mtume (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akaeleza kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Hapa hapana toba, kwa sababu hapana kosa.

Wa pili ni maradhi, uzee na ulemavu. Dawa yake katika sheria inaitwa rukhsa, yaani ruhusa ya kupunguziwa. Wa tatu ni kasoro za tabia: hasira za haraka, uchoyo, ulimi usiotulia, uvivu. Hizo huhitaji malezi ya muda mrefu. Wa nne ni dhambi iliyotendwa kwa hiari, na hiyo mlango wake ni toba.

Sasa tazama namna watu wanavyochanganya. Mgonjwa wa sukari anajuta kwa kutofunga kana kwamba ameiba. Kijana aliyezoea kuchukua pesa za duka anasema "ndivyo nilivyoumbwa", akiomba rukhsa pale inapotakiwa toba. Mama mwenye hasira anatubu kila usiku kwa machozi ya kweli, na kila asubuhi anawapigia watoto kelele, kwa kuwa anaitibu tabia kwa dawa ya tendo moja. Wote hawa ni waja wakweli. Wamepewa dawa ya mtu mwingine tu.

Rukhsa ambayo watu huionea haya

Mfikirie mzee wa mtaa wa Mkomani, Lamu, ambaye magoti yamemchoka. Wajukuu wanamwambia, "Babu, keti kwenye kiti," naye hataki, atasimama mpaka afe. Anapepesuka safuni, na moyo wake wote uko kwenye magoti, kwa Mola haujafika. Sahaba Imran bin Husayn alikuwa na maradhi ya bawasiri, alipomuuliza Mtume (s.a.w.) akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi mwambao huu, ngazi zake ni hizi. Anayeweza kusimama kwa sehemu ya rakaa asimame kiasi hicho, kisha akae. Anayeweza kusimama lakini mgongo haukunjiki, asimame na aashirie rukuu na sijida kwa kuinamisha mwili kadiri awezavyo, sijida ikiwa chini zaidi ya rukuu. Asiyeweza kusimama akae, namna yoyote isiyomuumiza. Asiyeweza kukaa alale kwa ubavu wa kulia, kifua kikielekea kibla, ambacho kwa Lamu ni karibu kaskazini kamili. Asipoweza hilo, alale chali, nyayo zielekee kibla na kichwa kiinuliwe kwa mto, aashirie kwa kichwa. Akishindwa, kwa kope. Akishindwa, apitishe swala moyoni. Maadamu akili ipo, swala haimwondoki, wala hadaiwi asichokiweza.

Kosa la kawaida siku hizi liko upande wa pili: mtu anayetembea kutoka sokoni hadi msikitini kwa miguu yake, akafika akakaa kitini kuanzia takbira mpaka salamu kwa sababu tu kusujudu kunamuuma. Kusimama kwake bado ni faradhi. Kilichopunguzwa ni kile asichokiweza peke yake. Kuukubali udhaifu kunataka kipimo cha kweli, usizidishe wala usipunguze, na ndiyo maana kunahitaji ujasiri kuliko wengi wanavyodhani.

Vivyo hivyo kwa asiyeweza kuuzuia mkojo, jambo linalowapata wazee wengi na kina mama baada ya kuzaa, ambalo huwafanya baadhi yao waache swala kimyakimya kwa miaka. Asubiri wakati wa swala uingie, ajisafishe, ajifunge kitambaa au pedi, atie udhu, aswali bila kuchelewa. Kitakachotoka baada ya hapo hakimharibii swala yake. Kila faradhi ina udhu wake mpya. Basi. Kuna watu ambao sentensi hizi chache zingewarudishia swala zao, na hawazipati kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza kwa sauti.

Katika swaumu, mgonjwa anayetarajia kupona hula sasa na kulipa siku zake baadaye. Asiyetarajia kupona, au mzee ambaye mwili hauhimili tena, halipi siku. Hutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, apewe fakiri au maskini. Kibaba cha kisheria ni kiasi cha gramu 600, na wengi huweka gramu 750 za mchele kwa tahadhari. Mwezi wa siku 30 ni kilo 18 kwa hesabu ya kwanza, kilo 22 na nusu kwa ya pili. Nani yuko kundi gani, hilo huamuliwa na daktari mwaminifu kabla ya sheikh.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima na mkaazi. Kwa hiyo mzee yule wa Mkomani akikaa kitini hapotezi thawabu ya kusimama aliyoizoea miaka sitini. Anachopoteza ni sura yake mbele ya watu, na mara nyingi sura hiyo ndiyo iliyokuwa imekaa kati yake na Mola wake.

Ajizi ni kitu kingine

Hapa huja pingamizi la haki. Mtume (s.a.w.) hakusema kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mungu kuliko muumini dhaifu? Amesema, na ni hadithi sahihi. Tena katika dua zake alikuwa akijikinga kwa Mungu na huzuni, ajizi, uvivu, uchoyo, woga na kulemewa na deni. Vipi basi udhaifu utakuwa mlango wa nguvu?

Jibu limo ndani ya hadithi hiyohiyo. Inaendelea kusema: wote wawili wana kheri, pupia lenye kukufaa, omba msaada kwa Mungu, wala usifanye ajizi. Mambo matatu kwa mpangilio huo. Anayekubali udhaifu wake hupupia na huomba msaada. Mwenye ajizi huyaacha yote mawili kisha hulala. Waswahili waliposema ajizi ni nyumba ya njaa hawakuwa wakimlaumu asiye na nguvu. Walimlaumu mwenye nguvu aliyeziweka mfukoni. Udhaifu ni mpaka wa uwezo wako. Ajizi ni kukaa mbali na mpaka huo na kusema umefika.

Njia ya kuvipambanua ni rahisi kuitaja na ngumu kuifanya: tazama kinachofuata baada ya kusema "siwezi". Likifuata ombi, swali au hatua, huo ulikuwa udhaifu. Ukifuata usingizi, ilikuwa ajizi.

Nguvu huingilia wapi

Katika vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, yaani 624, Waislamu walikuwa kiasi cha 313 mbele ya watu wapatao 1,000, na ngamia wachache wakipokezana kuwapanda. Sura Aal Imran, aya ya 123, inawakumbusha kwamba Mungu aliwanusuru siku ile hali walikuwa wanyonge. Miaka sita baadaye, katika vita vya Hunayn, walikuwa 12,000, na wako miongoni mwao waliosema leo hatushindwi kwa uchache. Mishale ilipoanza bondeni safu zikavunjika, watu wakakimbia kabla ya kurejea. Sura At-Tawba, aya ya 25, inataja hilo wazi: wingi wenu uliwapendeza, usiwafae kitu. Mtume alikuwa yuleyule na wengi wa masahaba walikuwa walewale.

Kilichotofautiana kinaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Aliyejua kuwa ni mchache aliomba, tena kwa kirefu, Mtume (s.a.w.) aliomba Badri mpaka joho likamwanguka mabegani. Alishauriana, katika sira imepokewa kwamba alihamisha kambi kwa rai ya Hubab bin Mundhir kuhusu visima. Alishika nafasi yake. Aliyejiona amejaa huyaacha haya moja baada ya jingine bila kujua, kwa kuwa haoni haja. Basi mtu asidhani udhaifu wenyewe tu una baraka. Unamrudisha mja kwenye mambo ambayo nguvu humsahaulisha.

Na dini imeupachika ukumbusho huo ndani ya siku ya kawaida kabisa. Muadhini anapoita, msikilizaji huyarudia maneno yake, isipokuwa mahali pamoja: anapoitwa aje kwenye swala na aje kwenye kufaulu harudii, bali husema "La haula wala kuwwata illa billah", hapana hila wala nguvu ila kwa Mungu. Ameitwa, na jibu lake ni kwamba peke yake hafiki. Maneno hayo huja mara 4 katika kila adhana, mara 20 kwa siku. Ongeza Fatiha, ambayo ndani yake mja husema "Wewe tu tunakuomba msaada": rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, basi ni mara 17 kwa uchache. Mtu mzima wa Langoni au wa Shela hukiri udhaifu wake mara 37 kati ya alfajiri na usiku, na mara nyingi hakuna hata moja aliyoisikia mwenyewe. Kuanza kuzisikia ni kazi ya kutosha kwa mwezi mzima wa kwanza.

Ibn Ataillah, mwanachuoni aliyefariki Misri mwaka 1309, ambaye mafundisho yake husomeshwa sana katika darasa za mwambao na Hadhramaut, aliiweka kanuni hii kwa ufupi: simama imara katika sifa zako, naye atakusaidia kwa sifa Zake, thibiti katika unyonge wako, atakusaidia kwa nguvu Zake. Alikwenda mbali zaidi akafundisha kwamba kosa lililomwachia mtu unyenyekevu huweza kuwa na heri kuliko ibada iliyomwachia kiburi. Hakuwa akiruhusu makosa. Alikuwa akisoma kisa cha mwanzo kabisa: Adamu na Iblisi wote wawili walikhalifu amri, mmoja akasema "tumezidhulumu nafsi zetu", mwingine akasema "mimi ni bora kuliko yeye". Waandishi wa zamani waliokuwa wakinakili misahafu na vitabu kwa mkono, walipofika ukurasa wa mwisho, walijiandika "al-fakiri", mhitaji wa Mola wake, kisha ndipo jina. Ilikuwa anwani yao halisi.

Jirani Mkristo wa Mpeketoni atalitambua wazo hili. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, mlango wa 12, Paulo anataja mwiba aliopewa mwilini. Aliomba mara tatu uondolewe, na jibu lilikuwa kwamba neema ya Mungu yamtosha, kwa kuwa uweza hutimilika katika udhaifu. Mwiba haukuondolewa. Hilo ni muhimu kwa yeyote, wa dini yoyote, anayengoja aponywe kwanza ndipo aanze kumwabudu Mungu kwa utulivu.

Kukiri kwa nani

Kukubali udhaifu si kuutangaza. Mtume (s.a.w.) alionya juu ya mtu aliyesitiriwa na Mungu usiku, kisha asubuhi akajifunua mwenyewe kwa kuwasimulia watu. Kuandika dhambi zako kwenye mtandao ili usifiwe kwa ukweli wako ni kulitoa sitara alilokufunika Mola. Kukiri ni kwa Mungu. Wanadamu wanaoambiwa ni watatu tu: mwenye haki yake uliyemdhulumu, kwa sababu toba haikamiliki bila kumrudishia; tabibu, awe daktari au sheikh, kwa kiasi anachohitaji ili atibu; na mtu mmoja mwaminifu atakayekushika mkono. Mbele ya tabibu usifiche hata chembe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Masharti ya toba yanajulikana, ila yafaa yasimame hapa karibu na mada: kuliacha tendo, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na panapo haki ya mtu, kumrudishia au kumwomba radhi. Muuza samaki aliyepunja mizani hawezi kumaliza kwa kulia msikitini. Wateja anaowajua awafuate. Asiowajua awatolee sadaka thamani ya alichochukua.

Dakika kumi za usiku

Kuihesabu nafsi ni kazi ya kila siku, kama kuitazama ngama kabla ya safari. Wakati bora ni theluthi ya mwisho ya usiku, na kwetu hesabu yake haibadiliki sana mwaka mzima kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Maghribi ikiwa saa 12 na robo na alfajiri saa 11 kasorobo, usiku ni saa 10 na nusu, theluthi moja ni saa 3 na nusu, basi theluthi ya mwisho huanza saa 7 na robo. Asiyeweza kuamka afanye baada ya Isha. Kinachotakiwa ni wakati uleule kila siku.

Tia udhu, swali rakaa mbili. Kaa. Anza kwa neema moja ya siku ile, iwe na sura: mtoto aliyepona homa, abiria waliofika salama Mokowe. Hili halirukwi. Dua inayoitwa Sayyidul Istighfar, inayosomwa asubuhi na jioni, imejengwa hivyohivyo: mja anakiri neema ya Mungu juu yake, kisha anakiri dhambi yake, kwa pumzi moja. Anayeanza na dhambi bila neema huishia kwenye giza.

Kisha taja udhaifu mmoja. Mmoja tu, kwa jina lake, na saa yake, na mtu wake. "Mola wangu, mimi ni mbaya" hakujakiriwa kitu hapo. Ni ukungu, na nafsi hujificha vizuri ukunguni. "Leo baada ya Alasiri nilimpiga mtoto madrasani kwa sababu nilikuwa nimeaibika mbele ya mzazi wake" ni kukiri. Tazama lililofichuka: palikuwa na aibu chini ya hasira, na sasa unajua cha kuomba. Omba hicho. Chagua hatua moja ya kesho, ndogo kiasi cha kuwezekana hata ukiwa na homa. Malizia kwa istighfari na "La haula" kwa idadi unayoiweza siku zote. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba maghufira mara 100 kwa siku, wewe ukianza na 10 zisizokatika umeanza vizuri, kwani amali ipendwayo zaidi na Mungu ni ile inayodumu japo kidogo. Wengi hutoka Ramadhani wakajitwika nyiradi za saa nzima, wakaziacha zote kabla Mfungo Mosi haujesha, wakabaki na huzuni kuliko walivyokuwa. Katika misikiti inayosoma uradi wa Ratibul Haddad, kukaa na jamaa usiku mmoja kwa wiki humbeba mtu siku asiyoweza kujibeba.

Kuna saa ambayo haya yote hayafai, nayo ni saa ya wimbi lenyewe. Fundi hutia kalafati chombo kikiwa kimepwelewa ufuoni, maji yamekupwa. Hushindilia nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta kati ya mbao kwa patasi na nyundo, taratibu. Baharini hakuna anayetia kalafati. Baharini hufuliwa maji. Ghadhabu ikipanda usianze kujichunguza: nyamaza, ukiwa umesimama keti, isipotulia lala, jikinge kwa Mungu na shetani. Hayo yamefundishwa na Mtume (s.a.w.) yuleyule aliyesema mwenye nguvu si bingwa wa mieleka, bali anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Uchunguzi ungoje usiku.

Dalili za kwamba zoezi limekwenda upande ni hizi. Unatoka hapo ukiwadharau wengine kwa kutojichunguza. Au unakaa saa mbili ukirudia kosa lile la miaka kumi iliyopita ambalo umeshalitubia. Hapo acha, maana kulirudia ni kulikataa neno la Sura Az-Zumar, aya ya 53, linalokataza waliojidhulumu wasikate tamaa na rehema. Au huzuni haikuachi wiki mbili na zaidi, usingizi na hamu ya chakula vimeondoka, kila kitu hakina ladha, mawazo ya kufa yanakuja. Hayo ni maradhi na yana madaktari wake. Asikwambie mtu ni imani haba. Nenda hospitali mapema, na ukiwa na mawazo ya kujidhuru usibaki peke yako hata usiku mmoja.

Penye unga

Hapana mahali Lamu na Malindi ambapo mada hii ni suala la kufa na kupona kuliko kwa vijana wa heroini, yaani unga. Familia nyingi humwambia kijana, "Kuwa mwanamume, acha." Anaacha kwa nguvu zake. Arosto, mateso ya mwili uliokosa unga, huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, hupungua baada ya wiki hivi. Anatoka amekonda, anajiona ameshinda, anasema sasa naweza kupita maskani nikawasalimia tu wenzangu. Hapo ndipo anapokufa. Mwili uliokaa siku chache bila unga hauwezi tena kipimo ulichokizoea. Dozi ileile ya zamani husimamisha pumzi, hasa ikichanganywa na vidonge vya usingizi.

Marekani mwaka 1935, katika mji wa Akron, walevi wawili walianza kukutana na kusaidiana, na njia yao ikaja kuandikwa kuwa hatua kumi na mbili. Ya kwanza ni kukubali kwamba hawana uwezo juu ya pombe. Aliyesoma darasani Lamu atasikia humo mwangwi wa "La haula". Kijana anayesema "siwezi nikiwa karibu nayo" yuko salama kuliko anayesema "nimeshinda". Na kukubali huko kuna vitendo: namba za wauzaji zifutwe, njia ya kwenda kazini ibadilishwe hata kama ni ndefu, ujira apokee mama au dada kwa miezi ya mwanzo, asikae peke yake jioni. Kubwa kuliko yote ni matibabu. Malindi kuna kliniki ya methadoni katika hospitali ya serikali. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa miezi au miaka. Kuna wazee wanaoiita kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wamekosea, na kosa hilo huzika watu. Ni dawa inayomwezesha kijana kulala, kufanya kazi na kusimama safuni akiwa na akili yake, na kuinywa ni rukhsa kama kiti cha yule mzee.

Akianguka, imepokewa kwamba mja aliyekosa kisha akajitwaharisha, akaswali rakaa mbili na kumwomba Mungu maghufira, husamehewa. Na katika hadithi nyingine yumo mja aliyerudi na kutubu tena na tena, na kila mara akasamehewa. Basi aoge, aswali, amwambie yule mmoja mwaminifu, na asubuhi arudi kliniki. Ikiwa amekosa dawa siku tatu au zaidi, asiinywe kwa kipimo cha zamani, asiazime ya mwenzake, na asiseme amekosa siku moja kwa kuona haya. Muuguzi atamuuliza ni siku ngapi na ametumia nini katikati, naye aseme yote kama yalivyokuwa, kwa sababu kipimo atakachomiminiwa kikombeni kitategemea jibu lake.